Diski C imekuwa nyekundu: namna ya kuiwekea Windows ufagio unaofanya kazi peke yake

Ukifungua This PC ukakuta ule mstari wa diski C umegeuka mwekundu, ujue nafasi iliyobaki imeshuka chini ya asilimia 10. Kwenye steshenari nyingi za Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, mstari huo ni mwekundu mwaka mzima na watu wameshauzoea. Word inachelewa kufunguka, PDF ya kurasa arobaini inakwama kabla haijafika kwenye printa, Windows inapakua masasisho halafu inashindwa kuyasimika. Kisha unaingia msimu wa maombi ya mkopo na ya vyuo, foleni imetoka nje ya mlango, na mhudumu anaanza kufuta mafaili kwa mkono huku mteja anamhimiza, "Dada yangu, fanya haraka, gari la Tukuyu linaniacha." Hapo ndipo cheti cha mtu kinapofutwa pamoja na takataka.

Dawa ni kuiachia kompyuta ijifagie kwa ratiba, ila kwa mpaka unaoeleweka. Ipewe kufuta vitu ambavyo mahali pake panajulikana na umri wake unajulikana, basi. Kuamua hati ipi bado ina kazi na ipi haina ni kazi ya mtu, na hakuna programu ya bure wala ya kulipia inayoweza kumfanyia.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini. Tenga saa moja siku isiyo na wateja wengi, na kabla hujagusa kitu nakili hati zako muhimu kwenye diski ya nje. Usitegemee flashi moja unayotembea nayo mfukoni.

Pima kwanza

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa siku hizi zina SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya GB 128. Windows itakuonyesha GB 119, na hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Ndani ya hizo 119, Windows yenyewe hukalia GB 20 hadi 30. Juu yake kuna faili la hiberfil.sys, ambalo hutunza hali ya kompyuta inapozimwa kwa kulala. Kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), yaani GB 3 na ushee kwenye mashine ya RAM GB 8. Ukiongeza Office na programu za printa, mashine imeshaanza safari ikiwa na mzigo.

Fungua Settings, ingia System, kisha Storage. Subiri ihesabu. Kwenye Windows 11 bonyeza Show more categories ili uone orodha yote. Andika kwenye karatasi nafasi iliyobaki na makundi matatu yaliyokula zaidi, ubandike pembeni ya meza. Utaihitaji baada ya mwezi.

Karatasi hiyo ndiyo inayokuambia kama ufagio utakusaidia. Temporary files ikiwa na GB 15, utaona nafuu kubwa leo hii. Lakini mara nyingi mlaji mkuu ni muvi na nyimbo za kuwawekea wateja kwenye flashi, na hapo hakuna ratiba ya usafi itakayokuokoa. Nunua diski ya pili, hamisha muvi zote huko, ndipo uendelee. Wengi huruka hatua hii, wakaweka ratiba, kisha wakalalamika kwamba haifanyi kazi.

Storage Sense: ufagio uliomo tayari

Tangu 2017 Windows 10 imekuja na kitu kinachoitwa Storage Sense, nacho kimo pia kwenye Windows 11. Kwa anayeanza, hiki kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Ukiwa palepale Storage, kwenye Windows 11 bonyeza maneno Storage Sense yenyewe. Ukibonyeza swichi iliyo pembeni utakuwa umewasha tu, bila kuona mipangilio. Kwenye Windows 10 bonyeza Configure Storage Sense or run it now. Panga hivi:

Run Storage Sense iwe Every week. Yenyewe huwa imewekwa During low free disk space, yaani ifagie nafasi ikishakuwa finyu. Kwa mashine ya biashara huko ni kuchelewa, maana nafasi huisha katikati ya kazi.

Recycle Bin iwe siku 30. Mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, kwa kawaida hukikumbuka ndani ya wiki mbili. Kuweka siku 1 ni kujinyima nafasi ya kujirekebisha.

Downloads iwe Never. Hapa tunasisitiza. Windows huangalia kama faili halijafunguliwa kwa siku ulizoweka, na watu wengi hutunza kwenye Downloads vitu wanavyovifungua mara moja kwa mwaka: risiti za kodi, barua ya ajira, fomu ya bima. Vya wateja vinavyoangukia humo tutavishughulikia kwa njia nyingine hapo chini.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo iwe Never. Vinginevyo mafaili ambayo hujayafungua muda mrefu yatabaki mtandaoni tu, na siku utakapoyataka utayapakua upya kwa bando lako.

Weka tiki kwenye kufuta mafaili ya muda, kisha bonyeza Run Storage Sense now (Clean now kwenye Windows 10) ili ufagie mara ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo watu hawaambiwi. Storage Sense hufagia diski yenye Windows tu, kwa hiyo takataka za diski D zitabaki. Pia ili ifanye kazi, kompyuta lazima iwe imefunguliwa na mtumiaji na iwe mtandaoni kwa zaidi ya dakika 10. Mashine inayowekewa bando la dakika tano za kutuma barua pepe, kisha hotspoti ya simu inazimwa, inaweza kukaa muda mrefu bila kufagiwa ingawa swichi iko On. Kama ndivyo unavyotumia, jiwekee siku moja kwa wiki uiache mtandaoni nusu saa. Ila kwanza ingia Network & internet, chagua Wi-Fi yako, uwashe Metered connection, ili masasisho mengi na programu za nyuma zisile bando lote kwa mkupuo.

Folda ya wateja

Hapa ndipo steshenari inapotofautiana na kompyuta ya nyumbani. Kila siku yanaingia mafaili ya watu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, picha za pasipoti, CV. Kazi ikiisha, mafaili yanabaki. Baada ya mwaka kuna maelfu, yametawanyika Desktop, Downloads, Documents, na mengine yanaitwa "doc1", "doc1 mpya", "doc1 mpya kabisa". Mbali na kujaza diski, si haki kwa wenye nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zisikae kuliko muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kitambulisho cha mzee aliyekuja kutoa kopi mwaka juzi hakina sababu ya kuwa kwenye kompyuta yako leo.

Tengeneza folda moja, C:\Wateja, na uhakikishe kila cha mteja kinaangukia humo. Kwenye Chrome ingia Settings, Downloads, kisha Location, ubonyeze Change na kuchagua folda hiyo. Vinavyopakuliwa kutoka WhatsApp ya kivinjari na barua pepe za wateja vitaingia humo moja kwa moja. Kwenye skana, tafuta mahali pa kubadili folda ya kuhifadhia. Windows Fax and Scan huweka kazi zake kwenye Documents, ndani ya Scanned Documents, na ndiyo maana watu hawazioni wanaposafisha.

Halafu tengeneza folda ya pili, C:\Kazi, kwa vitu vinavyoendelea: mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa anayechapisha utafiti wake kwa miezi mitatu, kikundi cha kukopeshana kinacholeta daftari kila mwezi. Folda hii ya Kazi haitafagiwa kamwe.

Sasa ufagio wa Wateja. Fungua Notepad, andika mistari hii miwili. Wa pili ni mrefu, uache uwe mstari mmoja:

`$mwisho = (Get-Date).AddDays(-14)`

`Get-ChildItem -Path "C:\Wateja" -Recurse -File | Where-Object { $_.CreationTime -lt $mwisho -and $_.LastWriteTime -lt $mwisho } | Remove-Item -WhatIf`

Tengeneza folda C:\Ufagio, uhifadhi humo kwa jina wateja.ps1. Wakati wa kuhifadhi, kwenye Save as type chagua All files, la sivyo Notepad italiita wateja.ps1.txt na halitafanya kazi, tena utashangaa kwa nini, maana Windows huficha ile txt ya mwisho.

Tuuangalie huo mstari mrefu kwa karibu, kwa sababu makosa mengi yanatokea hapo. Kila faili lina tarehe mbili zinazotuhusu. CreationTime ni siku faili lilipofika kwenye folda hii. LastWriteTime ni siku lilipobadilishwa maandishi kwa mara ya mwisho. Amri nyingi zinazosambazwa mitandaoni huangalia hiyo ya pili peke yake. Sasa fikiria mteja kaleta flashi yenye barua aliyoiandika 2023. Umeinakili kwenye kompyuta asubuhi hii. Kunakili hakubadilishi LastWriteTime, bado inasoma 2023, kwa hiyo ufagio ukipita mchana barua inafutwa, mteja bado yuko kwenye benchi anasubiri. Ukiangalia CreationTime peke yake nako kuna shimo lake: CV iliyoanza kuchapwa humo Machi 1 na ambayo inarekebishwa hadi leo itafutwa Machi 15, ingawa jana tu iliguswa. Ndiyo maana tumeweka zote mbili pamoja. Faili lifutwe ikiwa limekaa humo zaidi ya siku 14, na pia halijaguswa kwa zaidi ya siku 14.

Unabaki mwanya mmoja. Ukihamisha faili kutoka kwenye flashi kwa Cut badala ya Copy, linakuja na tarehe zake zote mbili za zamani. Kwa hiyo wafundishe wahudumu wote: ya mteja inanakiliwa, haikatwi. Ni utaratibu mzuri kwa sababu nyingine pia, maana umeme ukikatika katikati, nakala ya mteja bado ipo kwenye flashi yake.

Neno -WhatIf mwishoni linamaanisha "nionyeshe tu ungefuta nini". Bonyeza Start kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Windows PowerShell (dirisha la kuandikia amri), au Terminal kwenye Windows 11, kisha andika:

`powershell -NoProfile -ExecutionPolicy Bypass -File "C:\Ufagio\wateja.ps1"`

Itatoka orodha yenye maneno What if mwanzoni mwa kila mstari. Isome yote. Isipotokea kitu, hakuna faili lililozidi siku 14, subiri wiki mbili ujaribu tena. Ukiridhika, rudi Notepad, futa neno -WhatIf, uhifadhi. Kuanzia hapo kinachofutwa hakipiti Recycle Bin; kinakwenda moja kwa moja. Bandika ukutani karatasi inayowaambia wateja kwamba kazi zao zinatunzwa siku 14 tu.

Usithubutu kuondoa sehemu ya -Path "C:\Wateja". Bila njia hiyo, PowerShell hufanya kazi kwenye folda yoyote iliyosimama kwa wakati huo, na ikiitwa na ratiba ya Windows, folda hiyo kwa kawaida ni System32, moyo wa Windows wenyewe. Kwa njia kamili, hata mtu akiifuta au kuibadili jina folda ya Wateja, amri haitahamia kwenye folda hiyo iliyosimama.

Kuipa ratiba

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, bonyeza Enter. Itafunguka Task Scheduler, programu ya ratiba ya Windows. Upande wa kulia chagua Create Basic Task. Ipe jina, tuseme Ufagio wa wateja. Trigger iwe Weekly, siku ya Jumatano, saa 2:00 PM.

Saa hiyo ina sababu. Mafunzo mengi ya mtandaoni huelekeza usiku wa manane, wakati fremu zetu zinafungwa jioni, mashine inazimwa na swichi ya ukutani inazimwa pia, hasa masika radi zinapopiga. Chagua saa ambayo kompyuta imewashwa kweli. Na angalia usichanganye saa: saa nane mchana ya kwetu ndiyo 2:00 PM ya kompyuta. Ukiandika 8:00 PM umepanga saa mbili usiku, mlango umeshafungwa.

Action iwe Start a program. Kwenye Program/script andika powershell.exe. Kwenye Add arguments weka:

`-NoProfile -ExecutionPolicy Bypass -File "C:\Ufagio\wateja.ps1"`

Kabla ya Finish weka tiki kwenye Open the Properties dialog. Dirisha likifunguka, nenda Settings, weka tiki kwenye Run task as soon as possible after a scheduled start is missed. Tiki hii ndiyo inayoifanya ratiba ivumilie umeme wetu: Jumatano ikipita mashine imezimwa, kazi itafanyika ikiwashwa. Kisha nenda Conditions. Utakuta Start the task only if the computer is on AC power imeshawekwa tiki. Kwa kompyuta ya mezani haina neno. Kwa laptop inayotumia betri muda mwingi, iondoe, maana kazi ya Wateja ni ndogo, haimalizi chaji. Run with highest privileges iache wazi. Kufuta mafaili ya wateja hakuhitaji mamlaka ya msimamizi, na mamlaka isiyohitajika ni hatari ya bure.

Ukipenda kuongeza usafi wa masasisho ya zamani mara moja kwa mwezi, tumia Disk Cleanup iliyomo kwenye Windows. Bonyeza Windows na R, andika cleanmgr /sageset:1, ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Weka tiki kwenye Windows Update Cleanup, Delivery Optimization Files na Temporary files. Thumbnails iache, kwa sababu Windows itazitengeneza tena na folda za picha zitafunguka polepole. Soma orodha hadi chini: kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 10 ya kuanzia 1809, Downloads imo kwenye orodha hiyo, na kuna watu waliofagia kila kitu chao kwa tiki moja. Kisha tengeneza kazi ya pili ya ratiba, programu cleanmgr.exe, arguments /sagerun:1, Monthly, na hii ndiyo unayoipa Run with highest privileges. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua saa nzima, kwa hiyo hapa ile tiki ya AC power ibaki.

Visivyohitaji ufagio wako

Rejista (Registry, daftari la mipangilio ya Windows na programu zake) usiiguse. Programu zinazodai kusafisha rejista zinaondoa kilobaiti chache na zinaweza kuvunja Office au dereva wa printa. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake. Zile zilizovunjwa leseni zinazopitishwa kwenye flashi ni mbaya zaidi, maana nyingi huja na virusi ndani. Folda ya Prefetch iache, inasaidia programu kufunguka haraka. SSD usiipange upya kwa programu za nje: Windows ina Optimize Drives inayojiendesha kila wiki, na kwa SSD hufanya inachotakiwa kufanya bila kuichosha. Windows.old, inayobaki baada ya kupanda toleo jipya, huondoka yenyewe baada ya siku 10.

Hiberfil.sys unaweza kuiondoa kwa kuandika powercfg /h off kwenye PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi, ukapata zile GB 3. Kwenye kompyuta ya mezani tunashauri ufanye hivyo. Kwenye laptop fikiri mara mbili, kwa sababu utapoteza kulala kwa hibernate, ambako huokoa kazi betri inapoelekea kuisha, na Windows itawaka polepole kidogo.

Na kama mashine ni nzito ilhali nafasi ipo tele, tatizo liko kwingine. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi la huku linaziba feni, kompyuta inapata joto na kujipunguzia kasi. Hiyo inataka brashi na blowa.

Wiki mbili baada ya kupanga, fungua Task Scheduler, bonyeza Task Scheduler Library, utafute mstari wa Ufagio wa wateja, uangalie Last Run Result. Ukiona 0x0, imekwenda sawa. 0x41303 maana yake haijawahi kuendeshwa, kwa hiyo rudi kwenye saa na zile tiki. 0x2 maana yake haikupata faili iliyoambiwa, hivyo kagua powershell.exe umeiandikaje. Ukiona 0xFFFD0000, karibu kila mara ni ile txt iliyojificha: fungua C:\Ufagio, bonyeza View (kwenye Windows 11, kisha Show), weka tiki kwenye File name extensions, na utaliona jina lote lilivyo.

Mwezi ukiisha, fungua tena Storage, uilinganishe na karatasi uliyobandika pembeni ya meza.